Umeweka mipira ya gofu kwenye matairi na lori bado linatetemeka? Anza hapa

Madereva wa malori wa Marekani na Kanada wana desturi ya miaka mingi: tairi linapofungwa kwenye rimu, ndani hutupiwa mipira ya gofu, mara nyingi dazeni moja, ili lisitetemeke, badala ya kugongwa pembeni risasi za balansi, yaani vipande vidogo vya chuma vya kusawazisha uzito. Wenzetu wengi wanaoongea Kiswahili na kuendesha malori huku wameipokea kwa waliowatangulia kazini. Mipira haina gharama kubwa, na haibanduki barabarani kama risasi.

Mwongozo huu nimeupanga kwa dalili, kwa maneno ambayo madereva wenyewe huyatumia wanapolalamika. Kwenye kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi na ukaguzi usiohitaji vifaa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mipira ya gofu, hata ikifanya kazi vizuri kabisa, inatibu tatizo moja tu, yaani uzito usiolingana. Mtikisiko una sababu nyingi, na zile zinazoua dereva unazihisi mikononi sawasawa na zile ndogo. Kwa hiyo tafuta sababu kwanza, ndipo uamue la kuweka ndani ya tairi.

Mipira inafanyaje kazi

Chukua tairi la kawaida la mbele, 295/75R22.5. Kwa maili 65 kwa saa (kilomita 105) linazunguka karibu mara 9 kila sekunde. Upande mmoja ukizidi kwa aunsi 10 tu, kama gramu 280, kwenye ukingo wa rimu, uzito huo unavuta kwa nguvu ya karibu kilo 27 kila mzunguko. Hiyo ndiyo inayofika kwenye usukani.

Kitu kinachoweza kutembea ndani ya tairi husogea upande mwepesi na kulisawazisha, lakini kwa sharti: kasi iwe imepita ile ambayo ekseli pamoja na springi zake hutikisika zaidi. Chini ya kasi hiyo kitu hicho husogea upande mzito na kuongeza mtikisiko. Hapa ndipo madereva wawili wanapobishana, mmoja akisema mipira ni dawa na mwenzake akiapa kwamba iliharibu lori lake. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, kwa sababu ekseli zao, springi zao na kasi zao za safari hazifanani.

Jambo la pili: mipira hukaa katikati ya upana wa tairi. Uzito ukizidi ubavu wa ndani huku upande wa pili ukizidi ubavu wa nje, gurudumu huchezacheza kushoto na kulia, na mipira haiwezi kulifikia tatizo hilo. Mashine ya kubalansi inaliona, na fundi huweka risasi kila upande inapohitajika.

"Kuna kitu kinagonga ndani ninapoondoka au ninapokaribia kusimama"

Mara nyingi ni mipira yenyewe. Kwa tairi la ukubwa huo, mpira unaanza kushikwa juu bila kudondoka karibu kilomita 8 au 9 kwa saa, na kwa kuwa unabingirika, huchelewa zaidi ya hapo. Sauti ikija unapotoka tu kwenye maegesho na kupotea lori likichanganya, hiyo ni kawaida.

Sauti ikiendelea kwa kasi ya juu, au ikiwa mlio mmoja unaofuata mzunguko wa gurudumu, simama mahali salama. Angalia kwanza jiwe lililobanwa kati ya matairi mawili ya nyuma. Kisha angalia nati za gurudumu: njia ya kutu inayoanzia kwenye nati, au rangi iliyokwanguka kuizunguka, inaonyesha imelegea. Kwa magurudumu yanayowekwa katikati na habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa) yenye boliti za milimita 22, kipimo cha kawaida ni futi-pauni 450 hadi 500, na nati hukazwa tena baada ya maili 50 hadi 100 tangu gurudumu lifungwe. Ukikuta nati imelegea usiikaze ukaondoka. Tundu la rimu linaweza kuwa limeshatanuka na boliti kuchoka. Ita huduma ya barabarani.

"Usukani unatetemeka kati ya maili 55 na 65"

Hili ndilo lalamiko kubwa, na ndilo linalowafanya watu wakimbilie mipira. Fuata mpangilio huu.

*Upepo.* Pima matairi yote mawili ya mbele yakiwa ya baridi, kwa gauji, si kwa kupiga teke. Tofauti ya upepo kati ya kushoto na kulia inatosha kuutikisa usukani. Tairi lililopungua mpaka asilimia 80 ya upepo wake unaotakiwa au chini ya hapo huhesabiwa kuwa limeendeshwa bila upepo. Usilijaze ukaendelea na safari: waya za ubavuni zinaweza kuwa zimekatika ndani kwa ndani, na wakati wa kujaza ubavu ukafunguka kwa mlipuko mstari mzima kama zipu. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye kizimba cha chuma cha kujazia tairi ndani yake kwa usalama.

*Theluji, barafu na matope.* Wakati wa baridi hii ndiyo sababu ninayoiona ikisahaulika zaidi. Theluji iliyoyeyuka huganda ndani ya rimu upande mmoja, usiku mmoja tu. Asubuhi lori linatetemeka, dereva anailaumu mipira. Piga tochi nyuma ya rimu, bandua barafu, jaribu tena.

*Tairi lililolala.* Lori likiegeshwa kwenye baridi, sehemu ya tairi inayogusa chini huwa bapa. Mtikisiko wa namna hiyo huisha matairi yakishapata moto, baada ya maili 10 au 20. Usipoisha, endelea na ukaguzi.

*Tairi halijakaa sawa kwenye rimu.* Karibu na ukingo wa rimu, kwenye ubavu wa tairi, kuna mstari mwembamba ulionyanyuka unaozunguka tairi zima. Pima kwa rula umbali kutoka mstari huo mpaka ukingo wa rimu, sehemu nne tofauti. Vipimo vikitofautiana kwa milimita 2 hivi au zaidi, tairi limefungwa upande. Litolewe upepo, lipakwe kilainishi cha kufungia tairi na likalishwe upya. Hakuna idadi ya mipira inayoweza kulirekebisha tairi lililofungwa upande, na kwa uzoefu wangu, mtikisiko mwingi unaoanza siku ileile tairi jipya lilipofungwa unatoka hapa.

*Mipira yenyewe.* Mpira mmoja wa gofu una uzito usiozidi gramu 45.93 na kipenyo kisichopungua milimita 42.67, kwa hiyo dazeni moja ni zaidi ya nusu kilo inayotembea ndani ya tairi. Ukipasuka mmoja, vipande vyake havibingiriki; hujikusanya sehemu moja. Maji au kilainishi cha kufungia vikibaki ndani, mipira hunata. Kwa kasi ya maili 65 kila mpira unaikandamiza ngozi ya ndani kwa nguvu ya karibu kilo 7, na nguvu hiyo yote iko kwenye eneo dogo kama kidole gumba. Mpira uliotoka kwenye tairi lililotembea sana unaweza kuutambua kwa kuushika tu: vile vishimo vyake vimesuguliwa mpaka vikawa laini, na umepakwa vumbi jeusi la raba. Lile vumbi jeusi ni ngozi ya ndani ya tairi, inayozuia upepo usipenye kwenye waya. Hilo nataka kila dereva alitazame kwa macho yake, kwa sababu wanaoisifu mipira huwa hawalitaji.

*Beringi, kingpini na tairodi.* Kingpini ni pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia, na tairodi ni fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele na usukani. Hapa unahitaji jeki, stendi imara na sehemu tambarare. Lori lisisimame kwenye jeki peke yake hata dakika moja. Shika gurudumu juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki: mchezo ukiisha, shida iko kwenye beringi, ukibaki, ni kingpini. Shika tena kushoto na kulia. Mchezo wa upande huo mara nyingi ni wa tairodi. Ukikuta mchezo wowote unaouona kwa macho, safari imeishia hapo mpaka fundi aukague.

*Shokapu.* Angalia mafuta yaliyovuja na bushi zilizokatika. Shokapu iliyokufa haianzishi mtikisiko mara nyingi, ila inaufanya mdogo uwe mkubwa.

Ukimaliza yote hayo na hujapata kitu, mwombe fundi azungushe gurudumu likiwa limenyanyuliwa, kifaa cha kupimia kikiwa kimegusa uso wa tairi, aone kama ni duara kweli. Tairi lenye umbo la yai halitibiwi kwa uzito wowote.

"Linatulia, nikipita kwenye kiungo cha daraja linaanza tena"

Huu ni ugonjwa wa mipira. Mshtuko wa barabara huitawanya, nayo inachukua muda kujipanga upya. Breki kali hufanya hivyohivyo. Mtikisiko ukiisha ndani ya maili moja, mfumo wenyewe ndio unavyofanya kazi. Ukirudi kila mara na kukaa muda mrefu, kasi yako ya safari iko karibu sana na ile ya mtikisiko wa ekseli. Kuongeza mipira hapo, kama wengi wanavyoshauriana, kunaongeza tatizo. Itoe, balansi kwa mashine. Anayetaka kitu kinachojisawazisha chenyewe anunue pete za chuma zinazofungwa nyuma ya rimu, zenye gololi ndani yake. Hizo hazigusi tairi kabisa.

Lakini kama usukani unapigwa kwa nguvu kushoto na kulia baada ya shimo, kiasi cha kukushinda kuushika, usiendelee kujaribu. Punguza mwendo polepole bila kukanyaga breki ghafla, toka pembezoni, ita msaada. Hapo kuna kitu kimelegea kwenye usukani au kwenye ekseli.

"Linayumba hata nikienda polepole"

Simama. Dalili hii naiweka peke yake kwa sababu uzito usiolingana hausikiki sana kwa maili 20 au 30 kwa saa. Kinachosikika kwa kasi hiyo ni umbo lililoharibika: mikanda ya waya imeachana ndani ya tairi, rimu imepinda, au gurudumu limelegea kwenye habu.

Zima lori, zunguka na tochi. Pitisha macho, kisha kiganja, kwenye uso na ubavu wa tairi ukitafuta uvimbe, sehemu laini au sehemu iliyolika peke yake. Vaa glavu, maana waya zilizotokeza zinachana. Kanuni za shirikisho za Marekani, kifungu 393.75, zinakataza lori kutembea na tairi lenye waya au nyuzi zilizo wazi, au lililoanza kuachana uso au ubavu. Kifungu hichohicho kinataka matairi ya mbele yawe na kina kisichopungua 4/32 ya inchi, na mengine 2/32.

Mtu mwenye mipira ndani ya tairi yuko kwenye hatari zaidi hapa, kwa sababu ameshazoea lori lake kutikisika kidogo na kutulia. Anasubiri litulie. Tairi lililoachana halitulii. Linapasuka, na likiwa la mbele, lori linavutwa upande huo kabla dereva hajajua kilichotokea.

"Usukani umetulia, kiti ndicho kinachotetemeka"

Shida iko nyuma, na mara nyingi matairi hayahusiki. Tenganisha trela, tembea na kichwa peke yake. Mtikisiko ukiisha, kagua matairi na habu za trela. Ukibaki, endesha kwa kasi ileile ya barabara kwa gia mbili tofauti. Ukifuata mzunguko wa injini, tafuta kwenye injini, klachi au raba zinazoishikilia injini. Ukifuata kasi ya barabara, ni magurudumu ya nyuma au propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma): krosi, yaani viungo vyake, zilizokauka grisi, beringi ya katikati, au kipande cha uzito kilichobanduka kwenye shafti. Krosi ikikatika safarini, shafti inaweza kukata mabomba ya upepo wa breki, kwa hiyo usilale juu ya jambo hili.

"Matairi yanaliwa vibaya"

Uso ulioliwa mabonde mabonde huletwa na shokapu zilizochoka, beringi iliyolegea, na mwisho balansi. Uso ulioliwa upande mmoja ni alaimenti (mpangilio wa magurudumu) au upepo. Ulioliwa katikati ni upepo uliozidi, pembeni zote mbili ni upepo uliopungua. Tairi likishajijenga mabonde, hata chanzo kikirekebishwa litaendelea kunguruma mpaka liishe, kwa hiyo usidhani fundi amekudanganya.

"Upepo unapungua kidogo kidogo" au "sensa ya upepo imenyamaza"

Msumari kwanza, nyunyiza maji ya sabuni kwenye uso, kwenye valvu na kwenye ukingo wa rimu. Kama mapovu yanatoka kwenye sindano ya valvu, inawezekana vumbi la mipira au la raba limekaa ndani na kuizuia isifunge. Wanaotumia shanga za kioo au unga wa kubalansi wanalijua tatizo hili, ndiyo maana kuna sindano za valvu zenye kichujio. Badilisha sindano tairi likiwa limetolewa upepo wote.

Sensa iliyofungwa ndani ya tairi inaweza kugongwa na mpira ikavunjika, na vipande vyake vikazunguka humo pamoja na mipira. Sensa ikinyamaza ghafla kwenye tairi lenye mipira, lifunguliwe likaguliwe. Kukata mawasiliano ya sensa ili taa izime ni kujiondolea mlinzi pekee uliyekuwa naye.

"Naweza kuweka kwenye gari dogo? Na kwenye lori la nyumbani?"

Gari dogo, hapana. Tairi la 195/65R15 lina ubavu wa milimita 127 hivi. Ukiingia kwenye shimo au ukipanda tuta bila kupunguza mwendo, ubavu unajikunja na mpira wenye karibu milimita 43 unaweza kubanwa kati ya rimu na uso wa tairi. Kitakachovunjika ni waya za tairi au rimu. Risasi ndogo za kawaida mara nyingi zinatosha kwa gari hilo, na mashine za kubalansi zipo mijini.

Kwa lori la nyumbani, angalia kwanza lina matairi ya aina gani. Malori mengi ya Kenya, Tanzania na Congo bado yanatembea na matairi ya 11.00R20 au 12.00R20 yenye tyubu na flapu (mkanda wa raba unaoikinga tyubu na rimu) ndani. Mpira wa gofu ukiwekwa kati ya tyubu na tairi utaitafuna tyubu mpaka ipasuke. Tena rimu za aina hiyo nyingi zina ringi ya kufuli, yaani pete ya chuma inayolishikilia tairi kwenye rimu, ambayo ikikaa vibaya hurushwa wakati wa kujaza upepo na imeshaua mafundi. Yule kijana wa tairi kando ya barabara asiombwe kufungua rimu hiyo kwa ajili ya jaribio.

Ukiamua kuitoa

Mwambie fundi kabla hajagusa tairi kwamba ndani kuna mipira, na ni matairi mangapi yenye mipira. Gurudumu lenye kitu kinachotembea ndani haliwezi kubalansiwa kwa mashine: kila likizungushwa linatoa kipimo kipya, fundi ataongeza risasi na kuzitoa mpaka akate tamaa. Andika kwa chaki kwenye ubavu. Tairi likifunguliwa, hesabuni mipira inayotoka na mlinganishe na iliyoingia. Ikipungua, vipande vyake vimo ndani. Fundi apitishe tochi na kiganja ngozi yote ya ndani. Ikiwa imesuguliwa tu na kung'aa, tairi lifutwe, lifungwe na kubalansiwa. Ikiwa imechubuka mpaka nyuzi au waya zinaonekana, halirudi barabarani, hata kama uso wake wa nje bado ni mpya. Na kama tairi liko ndani ya muda wa dhamana, soma masharti ya mtengenezaji kuhusu vitu vilivyowekwa ndani kabla hujapeleka dai.